Tope Upande wa Kulia

Mchana kazi yangu ni kuondoa kutu. Watu wananiletea magari yao hapa Muyinga, Hilux iliyoliwa na matope ya barabara za milimani, Probox iliyogongwa ubavuni, nami nanyoosha bodi, napiga puti, nasugua msasa, napulizia rangi, mpaka mwenye gari akija jioni analizunguka mara mbili kabla ya kukubali kwamba ni lake. Usiku, watoto wakishalala, nafanya kinyume chake. Nachukua kitrekta cha chuma kinachoenea kiganjani, chekundu, kinachong'aa vilevile kilivyotoka kiwandani, nakitia kutu.

Kazi hii ya usiku mimi naiita kuchakaza. Ulaya na Marekani wapo watu wazima wengi wanaojenga reli ndogo za mezani, zenye vichwa vya treni vya umeme, stesheni, miti, na watu wasiozidi pingili ya kidole. Kila gari wanaloliweka humo hulitia vumbi, kutu na madoa ya oili, maana gari jipya kupita kiasi linaharibu mandhari nzima. Jicho likitua tu linasema hiki ni kitu cha dukani. Reli yangu imelazwa juu ya mlango wa zamani wa mbao, na mlango umelazwa juu ya mabenchi mawili katika chumba cha nyuma cha garaji. Umeme unaoiendesha ni wa volti 12, kwa hiyo betri ya sola inatosha, hata mji ukiwa gizani. Stesheni yake ni Isaka, ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na vyombo vyake ni matrekta na matela ya wakulima wa pamba wa upande wa Kahama.

Kwa nini Mrundi ajenge Isaka? Kwa sababu sisi hatukuwa na reli, hata mita moja. Mwaka 1914 Wajerumani walifikisha reli yao Kigoma kutoka Dar es Salaam, na mwaka huohuo walikuwa wameanza kazi ya njia nyingine, kutoka Tabora kuelekea pindo la mto Kagera, si mbali sana na kwetu. Vita ikaikatisha. Waingereza nao walipoitoa reli Tabora wakaielekeza Mwanza, ikafika mwaka 1928, na katikati ya njia hiyo ndipo ilipo Isaka, mahali ambapo mizigo ya Burundi na Rwanda inashuka kwenye mabehewa na kupanda malori, au kinyume chake. Kwa mtu wa Muyinga, Isaka ndiyo stesheni yetu. Iko nchi ya watu, lakini ni yetu.

Mimi niliiona mwaka 2005. Nilikuwa utingo kwenye lori la kahawa iliyokobolewa Gitega, nikiwa na miaka ishirini. Tulivuka mpaka Kobero, tukapita Ngara, Nyakanazi, Kahama, na siku ya tatu asubuhi nilikuwa nimelala juu ya magunia niliposikia ardhi inatetema. Niliamka nikaona behewa moja, la pili, la tatu, nikahesabu hadi nikapoteza hesabu. Kilichonikaa kichwani si urefu wake. Ni rangi. Nilikuwa nimeona picha za treni vitabuni, zote safi. Hii ilikuwa na rangi ya njia yote iliyopita: chini, karibu na magurudumu, ilikuwa kahawia kama tumbaku, juu kidogo ikapauka, pembeni mwa milango kulikuwa na weusi wa mikono ya wapagazi, mahali pamoja, urefu wa bega, behewa baada ya behewa.

Lakini mwanzo wa mambo haya uko nyuma zaidi. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, nilikuwa na miaka minane. Tulivuka mpaka kwa miguu, na utoto wangu uliobaki niliumalizia Lukole, kambi ya wakimbizi wilayani Ngara. Mafuta ya kula ya mgawo yalikuja katika makopo ya bati yaliyoandikwa USA, na kopo likiisha halikutupwa. Tulilipasua kwa msumari na jiwe, tukalikunja likawa lori. Magurudumu tulikata kwenye ndala zilizokatika, ekseli ni waya, na mti mrefu wa kusukumia una stelingi juu yake. Watoto wa kila mahali Afrika wanayajua magari haya. Ila sisi tulikuwa na jambo letu: lori jipya halikuheshimiwa. Mtoto akitokeza na bati linalometameta, wenzake walimwuliza, limetoka wapi hilo, limebeba nini? Hakuwa na jibu. Kwa hiyo kabla ya kulionyesha, ulilipitisha kwanza bondeni kwenye tope, ukaliacha likauka, ukalikung'uta. Kaka mmoja mkubwa kuliko sisi alikuwa na kipande cha mkaa mfukoni; alipaka nyuma ya bomba la moshi la lori lake, kidogo tu, kisha akapuliza. Nilimtazama akifanya hivyo nikaona lile kopo linawaka injini mbele ya macho yangu.

Tulirudi Burundi mwaka 2004. Baada ya mwaka wa utingo, mama alinipeleka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa kaka yake. Anayeijua Buyenzi anajua: ni mtaa wa Waswahili na ni mtaa wa mafundi, gari linaingia limekufa na kutoka linatembea. Mjomba alikuwa fundi wa injini. Mimi mikono yangu ilipenda bodi, akanikabidhi kwa jirani yake mpiga rangi, nikakaa hapo miaka minne. Nilirudi Muyinga mwaka 2010 na kompresa ya mkopo.

Mwaka uliofuata, mtoto wa mjomba anayeishi Ubelgiji alikuja kusalimia ndugu, na katika masanduku yake akaniletea boksi la viatu. Alikuwa amelinunua Brussels, kwenye soko la vitu vya mitumba la Jeu de Balle linalofunguliwa kila siku, kwa sababu alikumbuka malori yetu ya bati. Ndani mlikuwa na mviringo wa reli nyembamba, yenye upana wa milimita 12, kichwa cha treni, mabehewa manne, na vigari vya chuma saba, vitano kati yake vya shambani. Nilipokuja kupiga hesabu, niliona bahati ilivyonijia bila kuiita. Katika kipimo kinachopendwa zaidi duniani, cha 1 kwa 87, milimita 12 ndizo zinazosimama badala ya reli ya mita moja. Na reli ya zamani ya kati ya Tanzania, iliyojengwa na Wajerumani, pamoja na tawi lake la Mwanza, ni ya mita moja. Boksi la viatu lilikuwa na Isaka ndani yake.

Trekta la kwanza nililichakaza kwa pupa. Nilichota udongo wetu mwekundu nyuma ya garaji, nikauchuja kwa kitambaa, nikauchanganya na gundi ya maji, nikalipaka lote, boneti, magurudumu, kiti, mbele na nyuma. Kisha nikachukua rangi ya kutu nikapiga madoa hapa na pale. Nililifunga kwenye karatasi, na safari iliyofuata ya Bujumbura nikampelekea mjomba. Nilitaka asifu.

Mjomba aliliweka juu ya injini aliyokuwa akiifungua. Alivaa miwani. Alilitazama muda mrefu, kama anavyosikiliza injini inayokosa moto.

"Mjomba," akaniambia, "dereva wa hili anapandia upande gani?"

Sikujua.

"Amefika wapi na kazi? Ameanza kulima au anarudi nyumbani? Mafuta anatilia wapi?" Akaligeuza kwa ncha ya bisibisi. "Hili halijafanya kazi. Hili limemwagiwa tope."

Hakusema zaidi, akarudi kwenye injini yake. Nimekaa na maneno hayo zaidi ya miaka kumi na sijamaliza kuyajibu.

Tatizo langu lilikuwa kwamba matrekta nilikuwa nayajua kwa mbali. Muyinga, ambayo sasa imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, inalimwa kwa jembe la mkono. Mashamba yetu ni madogo, yamening'inia milimani, na anayelima ni mama mwenye mtoto mgongoni. Chombo cha shambani kwetu ni baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi. Ilibidi niende kutazama, na bahati nzuri nilikuwa na mahali pa kufikia, kwa sababu mke wangu ni wa Kahama. Tulijuana wakati wa utingo.

Tulikwenda ukweni Novemba, mvua za kwanza. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa dereva wa Massey Ferguson kuukuu iliyokodishwa kwa kulima, shamba hadi shamba. Nilimwomba nikae naye siku nzima. Alidhani nataka kujifunza kuendesha. Nilipomweleza kwamba nataka kutazama uchafu, alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake.

"Anza chini, shemeji. Gurudumu la kulia ndilo linalotembea shimoni."

Nikaona. Trekta likivuta plau, magurudumu ya kulia yanapita ndani ya mtaro uliokatwa mzunguko uliotangulia, na ya kushoto yanabaki juu, kwenye ardhi isiyolimwa. Kwa hiyo kulia tope linapanda mpaka kwenye kitovu cha gurudumu na kurushwa ndani ya madigadi. Kushoto tairi lina vumbi na majani. Ni trekta moja lenye nyuso mbili. Dereva naye anapandia kushoto, kwenye klachi, na hapo pa kukanyagia rangi imekwisha, chuma kimelambwa na soli kikawa cheupe kama kijiko. Kanyagio la klachi linang'aa. Mdomo wa tangi uko juu, na kuanzia hapo mazutu, kama tunavyoiita dizeli upande wetu, imechora mfereji mweusi unaoteremka. Vumbi limeshika juu yake likawa nene, na pembezoni mwa mfereji huo rangi nyekundu imebaki mbichi, kwa sababu mafuta yaliilinda na jua. Boneti yenyewe ilikuwa imepauka ikawa ya waridi. Kutu ilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, na haikuwa popote pale. Ilikuwa mahali ambapo maji yanakaa: kwenye kona ya sakafu ya dereva, chini ya boliti za kiti, kwenye ukingo wa madigadi ulipokunjwa. Bomba la moshi tu ndilo lililokuwa kutu tupu, na kutu yake ilikuwa na rangi nyingine, ya zambarau kidogo, kwa sababu ya moto.

Niliandika yote kwenye daftari la wateja. Jioni shemeji aliosha mikono akaniuliza kama nimepata nilichotaka. Nilimwomba kimoja zaidi: udongo.

Hapo napo palikuwa na somo. Mzee, baba mkwe wangu, alilitazama lile trekta la kwanza nililolichakaza kwa udongo wa Muyinga, akasema bila kufikiri, "Hili si la huku." Udongo wa pale wanaupa majina. Kuna luseni, wa kichangani, uliopauka, kwenye miinuko. Na kuna mbuga, mweusi, mzito, unaonata kama ugali mbichi ukilowa na kupasuka ukikauka. Wekundu wa kwetu haupo kabisa katika shamba lile. Nilirudi na makopo mawili ya maziwa ya unga, moja luseni, moja mbuga, yamefungwa kwa utepe.

Ninayo desturi tangu siku hiyo: sitii vumbi gari lolote kwa udongo wa mahali ambapo gari hilo halikufanya kazi. Watazamaji wa mezani kwangu, ambao ni watoto wa jirani na wateja wanaosubiri rangi ikauke, wengi hawajafika Kahama. Hawawezi kujua. Lakini nikidanganya hapo, kila kitu kingine nitakachokifanya kitaegemea uongo huo. Na udongo una nguvu kuliko tunavyodhani. Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga Kongwa mwaka 1947, walileta matrekta kwa wingi, mengi yakiwa masalia ya vita, mpaka vifaru vya Sherman vikageuzwa vikawa matrekta. Ardhi ya Kongwa, mvua ikipita, inakauka ikawa kama saruji, na mchanga wake ukala majembe ya chuma kama msasa. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Ninapofikiria yale matrekta sioni hesabu za fedha zilizopotea. Naona makali ya plau yaliyosagwa yakawa ya mviringo, na najiuliza ningeyachora vipi.

Sasa niseme ninavyofanya, kwa sababu huenda kuna mwenye mikono inayowasha kama yangu.

Udongo hautumiki ulivyo. Punje ya mchanga ya milimita moja, kwenye kipimo cha 1 kwa 87, inakuwa jiwe la karibu sentimita tisa. Trekta lako litaonekana limepigwa mawe. Kuchuja kwa kitambaa hakutoshi. Natia udongo kwenye ndoo ya maji, nakoroga, nahesabu polepole hadi sitini ili mchanga utue, kisha namimina yale maji machafu kwenye sufuria nyingine na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi maji yamekuwa meupe na chini kumelala utando laini kama poda ya mtoto. Huo ndio vumbi. Wafinyanzi wanaijua njia hii kuliko mimi. Nikiukausha nauchanganya na chaki nyeupe iliyosagwa, kidogo, kwa sababu rangi kwenye kitu kidogo huonekana nzito kuliko kwenye kikubwa. Ukiitia ilivyo, mbuga inakuwa lami.

Kabla ya vumbi lazima kuua mng'ao, maana vumbi haliketi juu ya kioo. Hapa nilipata hasara. Mkono wangu umezoea tina ya rangi za magari, na usiku mmoja nilipulizia trekta la buluu rangi isiyong'aa niliyoizimua kwa tina ileile. Bodi ya chuma haikudhurika. Lakini kiti, stelingi na magurudumu ni plastiki, na nilipogeuza shingo kuchukua kitambaa vilikuwa vimelegea kama nta. Nililia, na siwezi kusema kwamba nililia kwa ajili ya mwanasesere. Binamu yangu alikuwa amelibeba lile trekta kutoka Ulaya. Tangu hapo natumia vanishi ya maji, na pale ninapotaka rangi iteleze kwenye mifereji midogo, ya rejeta na ya boliti, natumia wino mweusi matone mawili ndani ya spiriti ya dawa.

Kutu siichori, naikwangua. Nina springi ya lori iliyolala nje ya garaji miaka mingi. Nikiikwangua juu napata rangi ya chungwa, ambayo ni kutu changa, nikikwangua ndani napata kahawia nzito, na chini kabisa kuna nyeusi inayotoka kwa magamba. Rangi hizo tatu zinatosha. Chungwa naitia tone moja tu, mahali palipokwaruzwa wiki iliyopita. Mwanzoni nilijaribu njia ya mkato: nilitumbukiza behewa la chuma kwenye maji ya chumvi nikitarajia lishike kutu lenyewe. Siku nne baadaye lilikuwa na unga mweupe. Ndipo nilipojifunza kwamba vigari hivi si vya chuma tunachokijua garajini. Ni zinki iliyochanganywa na alumini, magnesi na shaba, ikamiminwa ya moto kwenye kalibu, na zinki haina damu nyekundu. Kwa hiyo kutu ya mezani kwangu ni ya lile trekta kubwa, la kweli, lililosimama shambani. Hiki kidogo kinaliwakilisha tu.

Mke wangu haingii sana katika chumba cha nyuma. Usiku mmoja aliniletea chai, akainama juu ya mlango, akatazama tela nililolimaliza siku hiyo: limejaa pamba, niliyoichambua punje kwa punje kwa sindano, na linavutwa na trekta lenye tope la mbuga upande wa kulia, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimeridhika nalo kuliko kazi yoyote ya mwaka ule.

"Baba watoto," akasema, "tope na pamba havikutani."

Nilimtazama.

"Tunalima mvua zikianza, Novemba, Desemba. Pamba tunaichuma mwezi wa sita, mvua zimekwenda zamani. Trekta la mwezi wa sita ni la vumbi. Na pamba inaruka, inashika kila mahali, kwenye nywele, kwenye kope. Liko wapi hilo?"

Alikuwa amechuma pamba tangu utotoni. Aliweka kikombe, akanionyesha kwa kidole mahali pamba inaponasa: kwenye boliti, kwenye nyufa za mbao za tela, kwenye jasho la dereva. Nilifuta miezi miwili ya kazi. Sikusikitika. Kabla ya hapo nilikuwa na trekta moja lenye uchafu sahihi na tela moja lenye mzigo sahihi. Baada ya hapo nilikuwa na mwezi wa sita. Miti yote nikaibadilisha majani, majani ya nyasi nikayapaka manjano, kivuli cha stesheni nikakipeleka kinapokuwa jioni ya kiangazi. Vyote vile alivianzisha mtu mwenye kikombe cha chai mkononi.

Katika boksi la viatu kulikuwa na kigari kimoja ambacho sijakigusa. Ni trekta dogo la Massey Harris, jekundu, na chini yake kuna jina la Lesney, kampuni ya London iliyoanzishwa mwaka 1947 na watu wawili, Leslie na Rodney, ambao majina yao yaliunganishwa yakawa hilo. Trekta hili liliingia katika mfululizo wao wa Matchbox mwaka 1954. Binamu alinionya: wapo wanaovikusanya, na kikipakwa chochote thamani yake imekwisha. Lakini si fedha iliyonizuia. Nililiweka chini ya taa nikaliona limeshachakaa. Rangi imekwisha kwenye ncha ya pua, kwenye kichwa cha dereva aliyemiminwa pamoja na kiti chake, na juu ya madigadi zote mbili, sawasawa, kulia na kushoto. Magurudumu yamelika upande mmoja. Hakuna tope, hakuna mazutu. Huu si uchakavu wa shamba. Ni wa mkono wa mtoto: kidole gumba juu ya dereva, viwili vya mbele juu ya madigadi, na sakafu ya saruji chini. Na alikuwa mtoto aliyependa kulikata kona, daima kuelekea upande mmoja, ndiyo maana magurudumu yamelika hivyo. Siwezi kujua alikuwa nani. Lakini nikiweka vidole vyangu pale rangi ilipokwisha, vinakaa.

Ninapofundisha vijana wangu wawili wa garaji, nawapa trekta hilo kabla ya kuwapa msasa. Nawaambia wanieleze limeshikwaje. Anayeweza kueleza, naye akipewa gari la mteja, hatapiga puti juu ya kutu bila kuuliza maji yameingilia wapi. Nimeona tofauti. Zamani nilikuwa naziba tundu la mlango, na baada ya mwaka mteja anarudi na tundu lilelile. Siku hizi namwaga maji juu ya kioo kwanza, natazama yanashuka njia gani, nakuta mpira uliokufa au tundu la kutolea maji lililozibwa na majani ya mkaratusi. Kutu ilikuwa inaniambia siku zote.

Januari 2025 Burundi na Tanzania zilitia saini na kampuni za Kichina mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati, kwenye nikeli. Habari hiyo niliisikia redioni nikiwa na bunduki ya rangi mkononi, nikaizima kompresa ili nisikie vizuri. Reli hiyo si ya mita moja. Ni ya milimita 1,435, kwa hiyo mezani haiwezi kupita juu ya njia yangu ya milimita 12. Inahitaji milimita 16 na nusu. Nimeongeza ubao upande wa mashariki wa mlango, wenye urefu wa mkono, nikapigilia njia mpya iliyonunuliwa na binamu. Watoto wa jirani wanauliza kila wiki kwa nini pale hapana kitu, nyasi wala nyumba wala trekta.

Nawaambia sijui bado kunachafukaje. Nani atapandia wapi, mzigo utamwagika upande gani, mama wa mikungu ya ndizi atasimama wapi kusubiri. Mwezi uliopita dereva mmoja niliyempakia kabini yake rangi aliniletea mfuko wa udongo kutoka Musongati, kilo mbili hivi, kwa sababu nilimwomba. Binti yangu ameuandika jina kwa kalamu ya wino mzito. Jana usiku nilitia kikombe kimoja kwenye ndoo, nikakoroga, nikahesabu hadi sitini, nikamimina kwenye sufuria, nikalala. Asubuhi hii, kabla ya kufungua garaji, niliinua kifuniko. Maji yalikuwa bado mekundu.